Msamaha wa Matibabu Usiwe Hasara ya Hospitali: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Waziri wa TAMISEMI na Waheshimiwa Wabunge

Waheshimiwa,

Kila hospitali ya serikali ina chumba kimoja kidogo ambacho viongozi wakija kukagua hawapelekwi kukiona. Ni chumba cha ustawi wa jamii. Nilikaa kwenye vyumba hivyo miaka 27, mikoa mitatu tofauti, tangu 1996 hadi nilipostaafu 2023. Wagonjwa walinijua kwa jina moja tu: mama wa msamaha. Aliyeshindwa kulipia kipimo, dawa, kitanda au upasuaji alielekezwa kwangu na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye muhuri, nami nikamhoji, nikaamua kama kweli hana, nikaandika kwenye daftari.

Nawaandikia kwa sababu kila upande nasikia kwamba hospitali zetu sasa zijiendeshe zenyewe na ziingie ubia na wawekezaji. Wananchi wengi wakisikia neno ubinafsishaji hufikiria mnada: siku moja kibao cha hospitali ya mkoa kitang'olewa, kiwekwe cha kampuni. Mimi nimeona hospitali ikibinafsishwa huku kibao kipo palepale, bendera inapepea na mishahara inatoka Hazina. Ilianza siku hospitali ilipoambiwa iishi kwa fedha ya mgonjwa.

Niwaeleze kikao cha asubuhi. Nilipoanza kazi, kikao hicho kilifunguliwa na muuguzi wa zamu ya usiku. Alisoma waliolazwa wangapi, waliojifungua wangapi, waliofariki wangapi na kwa nini. Kifo cha mama mjamzito kilitosha kutuweka pale mpaka saa nne. Nilipokaribia kustaafu, wa kwanza kusoma alikuwa mhasibu: jana tumekusanya kiasi gani papo kwa papo, madai ya bima yako wapi, lengo la mwezi tumelifikia kwa kiasi gani, na misamaha imekula kiasi gani. Neno lenyewe lilikuwa hilo, imekula. Na wote waliokuwa mezani waligeuka kunitazama mimi.

Sina kinyongo na mhasibu yule, wala na mganga mfawidhi aliyeniita pembeni akaniambia, "Mama, mwezi huu jitahidi kupunguza misamaha." Alikuwa mtu mwema. Nimemwona akitoa nauli mfukoni mwake ili mgonjwa wa rufaa asafiri. Lakini mezani kwake kulikuwa na orodha ya vitendanishi vilivyokwisha maabara, posho za zamu za miezi miwili, wahudumu wa mkataba wanaodai, na dizeli ya jenereta. Vyote hivyo vilisubiri mapato ya ndani. Kila shilingi niliyoisamehe mimi ilitoka kwenye orodha ile. Nikimwandikia bibi msamaha wa upasuaji, nesi aliyekesha na huyo bibi alicheleweshewa posho yake.

Hapo ndipo penye tatizo, na ninawaomba mpaelewe kabla hamjasoma mengine. Serikali ndiyo inayotangaza msamaha, lakini anayeulipia ni hospitali. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwisho wa mwezi nitapeleka daftari langu Wizarani au halmashauri na hospitali irudishiwe gharama. Sera inasema watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasio na uwezo na wenye magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi watibiwe bila malipo, na maskini asamehewe. Ni sera nzuri, na nimeitetea maisha yangu yote ya kazi. Ila imeachwa kama karamu iliyoalikwa na mtu mmoja na kupikwa kwa unga wa jirani.

Matokeo yake niliyaona mwenyewe, na moja nililitengeneza kwa mkono wangu.

Alikuja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka 7 aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Kama mtoto yule angekuwa na miaka 4, asingefika chumbani kwangu kabisa. Akishavuka 5 anahesabiwa kama mtu mzima mwenye mfuko. Bibi alikuwa na barua ya mtendaji, na aliniambia kwa aibu kwamba muhuri ule ulimgharimu shilingi 2,000. Nikamhoji kama mwongozo unavyotaka: nyumba ya bati au nyasi, kuku wangapi, nani anamtumia fedha. Alikuwa na simu ndogo ya tochi, na kule dirisha la malipo wameshaniambia mara nyingi kwamba mwenye simu ana uwezo. Wiki ile tayari nilikuwa nimesemwa kwenye kikao. Basi nikamwandikia nusu.

Bibi alinishukuru. Alipiga goti kidogo, kama wanavyofanya wazee wa kule, akatoka. Hakwenda dirishani. Nusu ya kitu usichokuwa nacho ni kikubwa kama kizima. Alimfunga mtoto mkono kwa khanga, wakarudi kijijini kwa lori la mkaa. Niliwaona tena baada ya wiki tatu, mfupa umeunga vibaya, na sasa kazi ilikuwa kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kwenye taarifa yangu ya robo mwaka bibi yule alihesabiwa miongoni mwa waliosaidiwa.

Nimelibeba jambo hilo. Nimelileta kwenu kwa sababu afisa yeyote atakayekaa kwenye kiti kile, awe na huruma namna gani, atafika siku ya kuandika nusu. Mtu hawezi kuwa mtetezi wa maskini na mlinzi wa mapato ya hospitali kwa kalamu moja.

Na hao ni waliofika. Daftari langu halikuwa na safu ya wasiokuja. Mtu akizuiwa mara moja dirishani, kijiji kizima kinajua. Anayefuata hatakuja hospitali. Atakwenda duka la dawa kununua vidonge vinne badala ya dozi, au atakaa na uvimbe mpaka usikatike tena. Akifika amechelewa, madaktari wanamlaumu kwa kuchelewa. Hospitali yenye kukusanya vizuri na kupunguza misamaha mwaka hadi mwaka inaweza kupongezwa kwa ufanisi huku wagonjwa wake wamebaki majumbani.

Jambo jingine linaloingia polepole ni njia mbili ndani ya jengo moja. Kuna daraja la kwanza, kuna huduma ya haraka, kuna kliniki ya jioni ya kulipia. Tunaambiwa faida ya upande huo itasaidia upande wa wasio na uwezo. Huenda mahali fulani inasaidia. Lakini daktari ni yuleyule, chumba cha upasuaji ni kilekile, mashine ya kupiga picha ni ileile. Kinachouzwa hapo ni foleni. Ukimuuzia mmoja nafasi ya mbele, kuna mwingine umemrudisha nyuma, na huyo wa nyuma hana risiti ya kudai. Nimeona mgonjwa wa ngiri wa wodi ya kawaida akiahirishwa mara tatu, akifunga kula mara tatu, kwa sababu orodha ya siku ilijaa kutoka upande mwingine.

Msinielewe kwamba natamani miaka ya 80 irudi. Naikumbuka. Sheria ya 1977 ilikuwa imefunga biashara ya hospitali binafsi za faida, matibabu yalikuwa bure, na mara nyingi kabati la dawa lilikuwa tupu. Mama yangu alilazwa na shuka lake na sindano aliyonunuliwa na kaka yangu. Mwaka 1991 milango ikafunguliwa kwa sekta binafsi, na 1993 uchangiaji ukaanza kwenye hospitali za serikali. Tuliambiwa mambo mawili kwa pamoja: mwenye uwezo achangie, asiye na uwezo asamehewe. La kwanza likajengewa dirisha, mhasibu, vitabu vya risiti, kompyuta, na siku hizi namba ya malipo inayoingia moja kwa moja kwenye simu. La pili likaachiwa muhuri wa mtendaji na huruma ya mtu kama mimi. Imepita miaka zaidi ya 30 na bado liko hapo.

Wala sipingi ubia. Nchi hii imekuwa na ubia tangu kabla ya neno lenyewe kuja. Hospitali nyingi za makanisa zimekuwa hospitali teule za wilaya, Serikali ikipeleka watumishi na kulipa mishahara, na wananchi wakatibiwa hapo vizazi na vizazi. Ukiuliza watu wa wilaya hizo, wengi hawajui hata kama si hospitali ya serikali. Ulipofanya kazi vizuri ni pale fedha ya umma ilipofika kwa wakati. Ilipochelewa, bei ilipanda dirishani.

Ubia ninaouogopa ni ule wa kuweka mashine au maabara au duka la dawa la mwekezaji ndani ya hospitali ya umma, naye arudishe mtaji wake kwa kila picha na kila kipimo. Mwekezaji hana daftari la misamaha, na si haki kumtegemea awe nalo. Ana benki inayomsubiri. Sasa mgonjwa wangu mwenye barua ya mtendaji akifika kwenye mlango wa mashine hiyo, nani analipia picha? Kama mkataba umesema Serikali italipa, vizuri, tuone kifungu cha fedha. Kama mkataba umekaa kimya, mgonjwa atarudishwa, na mimi sitakuwa na mamlaka ya kumsaidia, maana mlango ule si wa hospitali tena.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia na kuna la kujifunza. Kuanzia 2015 Serikali Kuu ilikodisha mashine kwa ajili ya hospitali za kaunti, na gharama ikakatwa kila mwaka kwenye fungu la kila kaunti. Baadaye Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza, kwa sababu kaunti zilikuwa zinakatwa fedha huku baadhi ya mashine zikikaa bila kutumika, pengine hakuna umeme wa kutosha, pengine hakuna mtaalamu. Fedha iliyolipia mashine iliyolala ni fedha ambayo haikununua dawa. Naomba mikataba ya kwetu isisomwe kwa mara ya kwanza na kamati ya uchunguzi.

Tukumbuke pia Machi 2024. Hospitali binafsi kadhaa zilisimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ya mvutano juu ya kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia. Watu wenye kadi mkononi, waliokatwa mishahara yao kila mwezi, waligeuzwa getini. Waliambiwa waende hospitali za serikali. Na walikuwa na pa kwenda! Mtu mwenye biashara ana haki ya kusema bei hii hainilipi. Kwa sababu hiyohiyo lazima abaki mmoja asiyeweza kusema hivyo kwa mgonjwa, na huyo ni hospitali ya umma. Nayo ikifundishwa kuhesabu kama wale wengine, mgeuzwa atageuzwa kuelekea wapi?

Mtaniambia jibu ni Bima ya Afya kwa Wote. Naiunga mkono. Niliisoma Sheria ya 2023 nikiwa na furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu, hasa pale ilipoweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na kutaja vyanzo vyake, zikiwamo kodi za vinywaji na michezo ya kubahatisha. Ninachoomba ni kwamba mfuko huo ujazwe kwanza, kabla ya kampeni za kuhimiza wengine walipe. Tulianza CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, wilayani Igunga katikati ya miaka ya 90, tukaiboresha, tukafika kwenye shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na bado nilikuwa nawapokea wasio na kadi kila siku. Kwa mkulima aliyevuna gunia mbili, 30,000 ni ada, ni mbegu, ni kila kitu.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani wataalamu wa takwimu hawalioni kwa sababu hawakai mapokezi. Mnapanga kuwatambua maskini kwa orodha, na orodha ya kaya maskini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini maskini wa hospitalini mara nyingi hayumo kwenye orodha yoyote. Jumatatu alikuwa bodaboda anayejitegemea. Jumatano amegongwa. Ijumaa pikipiki imeuzwa, mke ameacha kuuza mihogo ili amuuguze, na mtoto ametolewa shule. Ni ugonjwa wenyewe uliomfanya maskini, ndani ya siku tano, na daftari la kijiji bado linamwandika kama mwenye uwezo. Vivyo hivyo dada wa kazi za ndani aliyefukuzwa na mimba yake, mvuvi, kibarua wa machimbo. Bima yoyote mtakayoijenga lazima iwe na mlango wa watu hawa palepale hospitalini, wenye fedha nyuma yake.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Katika bajeti ya afya kuwe na kifungu cha kurudisha gharama za misamaha, kila hospitali ilipwe kwa mujibu wa daftari lililokaguliwa, kama NHIF inavyolipa madai. Msamaha ukilipwa, mganga mfawidhi hataniita pembeni tena; pengine atanitafuta aniulize kwa nini wodi namba tatu kuna mtu hajahudumiwa. Najua mtauliza fedha zitoke wapi. Mwaka 2001 kule Abuja nchi za Afrika, yetu ikiwamo, ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Tuanzie kwenye ahadi hiyo. Na afisa ustawi wa jamii asiwajibike kwa hospitali inayohesabu hasara. Awajibike kwa ofisi nyingine, na uamuzi wake uheshimiwe. Mikataba ya ubia iwekwe mezani Bungeni, na kila mmoja useme wazi ni nani anamlipia asiye na uwezo. Dharura itibiwe kwanza, karatasi zije baadaye. Mama anayejifungua asitumwe kununua mipira ya mikono duka la ng'ambo ya barabara usiku wa manane, halafu tuendelee kusema uzazi ni bure.

Kuhusu maiti nitasema kidogo, maana ni jambo linaloumiza kulirudia. Viongozi wamekemea mara nyingi kuzuia maiti kwa sababu ya deni, na bado familia zinachangishana kwenye makundi ya WhatsApp ili "kukomboa mwili." Watu wetu wamechagua neno hilo wenyewe, kana kwamba marehemu amewekwa rehani. Kemeo halitoshi mahali ambapo deni hilo lina mtu anayeulizwa kila asubuhi kwa nini halijalipwa. Mkilipa deni la asiye na uwezo, hakuna atakayekuwa na sababu ya kufunga mlango wa mochwari.

Daftari zangu zote zilikuwa za aina moja, mistari ya bluu, jalada gumu. Nilizichora safu mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, umri, kijiji, huduma, kiasi. Safu ya mwisho niliiandika "Mlipaji," kwa sababu mkuu wangu wa kwanza wa kazi aliniambia ipo siku itahitajika. Kwa miaka 27 niliiacha wazi. Kijana aliyenirithi naye anaichora bado, niliiona nilipokwenda kumsalimia. Naomba katika bajeti ijayo mumpe cha kuandika hapo.

Kwa heshima na taadhima,

Afisa ustawi wa jamii mstaafu
Singida